Gurudumu likivunjika, nani atajibu? Historia ya magurudumu ya mlimani, toka chukudu hadi kaboni

Barabara inayoteremka toka Kibumba hadi Goma haina huruma na gurudumu. Pembeni kuna mlima Nyiragongo, chini kuna mawe ya volkano yenye makali, na juu ya chukudu kuna magunia ya viazi, kabichi, maharagwe au makala. Gurudumu likipasuka katikati ya mteremko, mwenye chukudu hapotezi gurudumu peke yake. Anapoteza mzigo wa mtu, siku ya kazi, na mara nyingine mguu.

Ndiyo maana watu wa kazi hii wana maswali mawili. La kwanza: gurudumu hili litadumu muda gani? La pili ni zito zaidi: likivunjika, nani atajibu? Marekani na Ulaya, watu wanaoendesha kinga milimani kwa mchezo wanauliza maswali hayohayo, ingawa gurudumu lao ni la kaboni na jozi moja inaweza kupita dola 1,000. Swali la kwanza ni la uimara. La pili ni la garanti. Leo tunafuata maswali hayo mawili katika historia, kwa sababu historia hiyo imepita Kongo, na kwa sababu familia nyingi zinazotusikiliza zimekimbia nyumba zao zikiwa na mali yote juu ya magurudumu mawili ya mti.

Gurudumu la hapa kwetu

Masimulizi ya wengi yanaweka mwanzo wa chukudu katika miaka ya 1970, wakati nchi inaitwa Zaïre. Tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza zairianisation, na maduka, mashamba na biashara za wageni zikapewa raia wa Zaïre. Miaka iliyofuata biashara nyingi zilianguka. Barabara ziliharibika, vipuri vya gari vikawa adimu, lakini viazi vya mlimani viliendelea kukomaa na mji uliendelea kutaka kula. Watu wa Kivu ya Kaskazini wakachukua kile walichokuwa nacho: mti, panga, misumari na mipira ya magari iliyochakaa.

Mwili wa chukudu hutengenezwa mara nyingi kwa mikaratusi. Kwa gurudumu, fundi hutafuta mti mgumu zaidi, na wengi husifu mti uitwao mumba. Anachonga duara, anatoboa katikati, anaweka rulema, yaani chuma cha mviringo chenye gololi, ili gurudumu lizunguke bila kula mti. Kisha anazungusha ukanda wa mpira wa gari na kuupigilia misumari. Nyuma, kipande kingine cha mpira hukandamizwa kwa mguu juu ya gurudumu: hiyo ndiyo freni. Kazi yote inaweza kuchukua siku mbili au tatu, na chukudu iliyotengenezwa vizuri hudumu miaka miwili hadi mitatu ikibeba mamia ya kilo.

Garanti yake hakuna anayeiandika. Fundi anafanya kazi kando ya barabara ileile wanapopita wateja wake. Gurudumu likipasuka kabla ya siku zake, mteja anarudi nalo, anaweka vipande chini, na watu wote wanaopita wanaona. Fundi anaweza kubishana kwamba mzigo ulizidi. Lakini akikataa kila mara, kesho mteja huyo na jamaa zake watakwenda kwa fundi mwingine. Jina lake ndilo linalolipa.

Jambo moja tuliweke moyoni, maana litarudi mbele: vipande hivyo vilivyorudi vinamfundisha fundi. Akiona magurudumu matatu yamepasuka karibu na tundu la katikati, atajua kwamba anatoboa tundu kubwa mno, au anachonga mti ambao haujakauka.

Mpira uliotoka kwetu

Gurudumu la chukudu lina sehemu mbili, mti na mpira. Tuanze na mpira.

Mwaka 1845 Mskoti mmoja, Robert William Thomson, alipata hati ya ubunifu wa gurudumu lenye hewa ndani. Alitangulia mno. Watu walikuwa bado hawana kinga za kutosha, na wazo lake likasahaulika. Mwaka 1887 huko Belfast, daktari wa mifugo John Boyd Dunlop alifunga mipira ya hewa kwenye baiskeli ya magurudumu matatu ya mtoto wake, na mwaka 1888 akapata hati. Baadaye hati hiyo ilibatilishwa, kwa sababu Thomson alikuwa ametangulia. Lakini biashara ilikuwa imekwisha kuwaka. Mwaka 1891 Wafaransa wa Michelin walileta mpira unaoweza kutolewa na kurudishwa kwa urahisi, na mwaka huohuo Charles Terront alishinda mashindano ya Paris–Brest–Paris akiwa na mipira hiyo.

Ulaya na Marekani zikashikwa na homa ya baiskeli. Kila baiskeli ilitaka mipira miwili, na mpira ulichakaa haraka. Nani ataleta mpira mwingi namna hiyo?

Sehemu yake ilitoka Kongo. Tangu 1885 nchi hii ilikuwa mali ya mtu mmoja, Mfalme Léopold wa pili wa Ubelgiji. Serikali yake ilisema ardhi isiyolimwa na kila kinachoota juu yake ni mali ya Dola. Katika misitu ya Équateur, Kasai na kwingineko, wanakijiji walilazimishwa kukata mimea ya kutambaa ya msituni na kuleta utomvu kwa kiasi kilichopangwa. Aliyeshindwa alipigwa viboko vya ngozi ya kiboko. Wake za watu walishikwa mateka hadi waume walete mpira. Askari walidaiwa mikono iliyokatwa kama ushahidi wa risasi walizotumia. Mwaka 1890 Kongo ilituma nje karibu tani 100 za mpira. Kufika 1901 zilikuwa karibu tani 6,000.

Mnunuzi wa baiskeli huko London au Paris angeweza kurudi dukani akilalamika kwamba mpira wake umepasuka mapema. Mtu aliyepoteza mkono kwa ajili ya mpira uleule hakuwa na mlango wa kubisha. Ripoti ya Roger Casement ya mwaka 1904, kampeni ya E. D. Morel na picha za mmisionari Alice Seeley Harris zililazimisha dunia kuangalia. Tarehe 15 Novemba 1908 Ubelgiji ilichukua Kongo toka mikononi mwa Léopold. Mfalme Philippe wa Ubelgiji aliandika masikitiko yake kwa Rais Tshisekedi tarehe 30 Juni 2020, na mwezi wa Juni 2022 aliyarudia kwa mdomo wake hapa nchini. Kusikitika si sawa na kujibu, na mjadala huo bado uko wazi.

Toka mti hadi kaboni

Sasa turudi kwenye duara lenyewe, lile tunaloliita janti.

Gurudumu la mkokoteni wa zamani lilisimama juu ya miti yake ya chini, kama meza inavyosimama juu ya miguu. Gurudumu la kinga linafanya kazi kwa njia nyingine. Rayo zake, zile nyuzi za chuma, zote zimevutwa kwa nguvu kati ya janti na katikati. Mzigo unagawanywa, na duara jepesi linabeba uzito mkubwa. James Starley wa Coventry, Uingereza, alipata mwaka 1874 hati ya rayo zinazopishana, mtindo ambao tunauona bado kwenye kinga za leo.

Janti za baiskeli za mashindano zilikaa za mti kwa muda mrefu, hadi miaka ya 1930. Inasimuliwa kwamba mwaka 1934 Mfaransa Antonin Magne, mshindi wa Tour de France wa mwaka ule, alitumia janti za alumini za kampuni Mavic zilizopakwa rangi ya mti, kwa sababu sheria za mashindano hazikuruhusu chuma hicho. Baada ya hapo alumini ikashinda. Ni nyepesi, haiozi, na ina tabia moja ambayo mafundi wa huku wanaipenda: ikigonga jiwe inajikunja kabla ya kuvunjika. Fundi anaipiga nyundo taratibu, anakaza rayo hii, analegeza ile, na jioni mwenye kinga anarudi kazini.

Baiskeli ya mlimani kama mchezo ilizaliwa California. Katika miaka ya 1970, vijana wa Marin County, karibu na San Francisco, walichukua baiskeli nzito za zamani na kuteremka nazo mlima Tamalpais na vilima vya jirani. Mashindano yao maarufu, yaliyoanza 1976, yaliitwa Repack. Jina lilitoka kwenye freni: baada ya mteremko mmoja, joto lilikuwa limechoma mafuta yote ya freni ya nyuma, na ilibidi kuifungua na kujaza mafuta upya. Mtu yeyote aliyesikia harufu ya mpira wa freni ya chukudu kwenye mteremko wa Kibumba anaelewa jina hilo bila kufundishwa. Mwaka 1977 mmoja wao, Joe Breeze, alianza kutengeneza baiskeli mpya kabisa kwa ajili ya kazi hiyo.

Kisha ikaja kaboni. Kaboni ni nyuzi nyembamba kuliko unywele, zinazopangwa safu juu ya safu na kushikwa na gundi inayokaushwa kwa joto ndani ya kalibu. Nyuzi hizo zina nguvu kubwa upande zinakoelekea, na ni dhaifu upande mwingine. Kwa hiyo uimara wa janti ya kaboni unategemea mkono wa mpangaji: safu ngapi, zimeelekea wapi, na kama kuna hewa iliyobaki ndani. Janti mbili zinaweza kufanana kwa macho, moja ikadumu miaka, nyingine ikapasuka kwenye jiwe la kwanza.

Kaboni ina tabia tofauti na alumini. Haijikunji. Inavumilia, inavumilia, kisha inapasuka. Nyundo haiisaidii. Tena joto ni adui wa gundi yake: kwenye baiskeli za barabara ambazo freni hushika janti yenyewe, mteremko mrefu ungeweza kulainisha gundi hadi janti iharibike. Baiskeli za mlimani zimepona tatizo hilo kwa kutumia freni za sahani ya chuma iliyofungwa katikati ya gurudumu, mbali na janti.

Garanti ya maisha, ya maisha ya nani?

Janti za kaboni za mlimani zilipoanza kuuzwa, waendeshaji wengi waliziogopa. Walikuwa na haki. Kitu cha bei kubwa namna ile, ambacho jiwe moja linaweza kukimaliza, ni kamari. Kampuni zikaanza kusema: ukivunja, tutakuuzia nyingine kwa bei ndogo. Baadaye zikaenda mbali zaidi. Mwaka 2017 kampuni ya Santa Cruz ya California ilitoa magurudumu ya kaboni yanayoitwa Reserve na kuyapa garanti ya maisha: ukivunja ukiwa unaendesha, unapewa jingine. Kampuni nyingine kubwa nazo zina garanti za namna hiyo.

Wanafanyaje bila kufilisika? Hesabu ni mbili. Kwanza, bei ya magurudumu yatakayovunjika imekwisha kuwekwa ndani ya bei ya kila gurudumu linalouzwa. Wateja kumi wanamlipia mmoja, kama likelemba. Pili ni lile jambo la vipande. Janti iliyovunjika ikirudi kiwandani, wahandisi wanaona imeanzia wapi kupasuka, na ya mwaka unaofuata wanaongeza safu pale. Kampuni inayokataa kupokea vipande inajinyima somo. Kumbe hapo kampuni ya California na fundi wa kando ya barabara ya Rutshuru wanasoma shule moja.

Lakini ukisoma garanti hizo vizuri, kuna maneno madogo yenye uzito. Mara nyingi garanti ni ya mnunuzi wa kwanza tu. Lazima awe na karatasi ya kununulia. Lazima aliendesha kwa kazi iliyokusudiwa. Gurudumu lililokanyagwa na gari au kuangushwa toka juu ya gari mara nyingi halihesabiwi. Akiuza baiskeli, anayenunua anapata kaboni lakini hapati garanti. «Garanti ya maisha» basi si maisha ya gurudumu. Ni uhusiano kati ya mtu fulani na duka fulani, na uhusiano huo ukikatika, kilichobaki mkononi ni kitu tu, hata kama ni kigumu namna gani.

Jambo hili linatuhusu sisi ambao vitu vingi vinatufikia vikiwa vimetumika tayari. Baiskeli, simu, pikipiki: kinapofika sokoni Virunga au Birere, garanti yake ilikwisha kufa bandarini. Muuzaji akikuambia «hii ni ya Ulaya, haiharibiki», anakuuzia sifa ya jibu ambalo hutalipata.

Vita na garanti

Sasa tufike kwa wahami. Vita vilipowatoa watu Rutshuru, Masisi na Nyiragongo, barabara zilijaa chukudu. Zilibeba magodoro, masufuria, wazee wasioweza kutembea na watoto juu ya mizigo. Katika siku hizo chukudu haikuwa tena kazi ya kuleta franga. Ilikuwa tofauti kati ya kufika na magodoro na kufika mikono mitupu.

Lakini kuhama kunavunja garanti ya mti namna kunavyovunja ya kaboni. Fundi aliyechonga gurudumu amekimbilia upande mwingine. Mashahidi waliokuwepo siku ya kununua wametawanyika. Barabara waliyokuwa wanapita wote, fundi na mteja, si yao tena. Gurudumu likipasuka kambini au katika kartie ya ugenini, mwenye chukudu anakwenda kwa mtu asiyemjua, analipa upya, na hana pa kurudi.

Na fundi naye amepoteza. Mahali papya hajui mti gani unauzwa ukiwa mkavu na upi ukiwa mbichi. Hana jina. Anatengeneza gurudumu zuri na bado anaulizwa: wewe ni nani, na kesho utakuwa wapi? Swali hilo ni la haki, na mtu aliyekimbizwa mara mbili au tatu hana jibu la uhakika.

Tunapohesabu hasara za vita tunahesabu nyumba, mashamba, ng'ombe. Ni vema tuhesabu na hii: watu waliokuwa wanajibiana wametenganishwa. Haionekani kwa macho, lakini inalipwa kila wiki, kwa vipuri vinavyonunuliwa mara mbili na kwa kazi inayokataliwa kwa fundi mgeni.

Yanayoweza kufanyika leo

Mafundi wana njia za kupima ambazo hazitaki garanti ya mtu yeyote. Gonga gurudumu kwa jiwe dogo au funguo kuzunguka duara lote na usikilize. Mti mzima unatoa sauti moja. Palipo na ufa sauti inabadilika na kuwa nzito. Waendesha kaboni nao wanagonga janti zao hivyohivyo, wakitafuta sauti iliyokufa. Angalia tundu la katikati, maana ufa mwingi huanzia hapo. Shika gurudumu na kulitikisa kushoto na kulia: likicheza, rulema imekwisha au tundu limepanuka. Pitisha mkono juu ya ukanda wa mpira kutafuta misumari iliyoinuka. Na mti ukiwa mzito na wenye unyevu ndani ya ufa, ngoja, ukikauka utajikunja.

Kisha patana na fundi kwa maneno ya wazi, mbele ya mtu wa tatu: mzigo kiasi gani, miezi mingapi, na likipasuka mapema atafanya nini, kuchonga jipya au kupunguza bei. Andikeni kwenye daftari ya shule, tarehe na bei, kila mmoja aweke jina lake. Karatasi hiyo haina nguvu ya tribunali, lakini kati ya watu wasiojuana inafanya kazi ambayo kijijini ilifanywa na kujuana.

Ukivunja gurudumu, usiwashe moto kwa vipande kabla fundi hajaviona.

Kwa viongozi wa kambi na wa makartie tuna ombi moja dogo. Mnapoandika familia zilizofika, andikeni pia kazi ya mikono ya kila mtu. Fundi wa chukudu aliyetoka Kibumba anaweza kuwa hema la tatu toka kwa mteja wake wa zamani, na wote wawili hawajui. Mafundi wanaotusikiliza, leteni redioni majina yenu, mahali mlipotoka na mahali mlipo sasa, tutayasoma katika kipindi. Wenye magurudumu wanawatafuta.